Raba za kitambaa cha mfarishi: usikimbilie gundi

"Habari fundi. Naishi Umoja, Nairobi, na nina cherehani ya umeme ya nyumbani, si ile ya kiwandani. Nilishona mfarishi wa kitanda, wa vipande vya vitenge na pamba katikati, nikabaki na kipande kikubwa, nikaona nijishonee raba za kamba, fupi, zisizofika kwenye kifundo. Nilikata kwa kufuata raba yangu kuukuu ya namba 40, nikabandika soli niliyoitoa kwenye kiatu cha mtumba. Zilinibana hadi nikashindwa kutembea, zikanichubua juu ya vidole, na soli ya mguu wa kulia ikaachia baada ya siku chache. Jirani anasema gundi ndiyo mbovu, ninunue ya bei. Je, gundi gani inafaa? Na niongeze pamba ndani ili zisinichubue? Nikifaulu nataka nimshonee mama yangu pia. Ana kisukari na miguu yake hufa ganzi, nikaona kiatu laini kitamfaa."

Dada yangu, pole kwa malengelenge. Jirani yako ana nia njema, lakini ukinunua mkebe wa gundi ya bei leo na kurudia ulivyofanya, jozi ya pili itakubana vilevile, itakuchubua palepale, na soli itaongeza siku mbili tatu tu kabla ya kuachia. Malalamiko yako matatu yana chanzo kimoja, nacho ni unene. Na hilo la kuongeza pamba, tafadhali usilifanye kwanza.

Chukua hicho kipande ukizungushie chupa ya soda, upande wa vitenge ukiwa nje, kisha utazame ndani. Utaona kitambaa cha chini kimefanya vikunjo vidogo vidogo, hasa katikati ya mishono. Sababu ni kwamba kitambaa kinapopinda, tabaka la nje hupita njia ndefu kuliko la ndani, lakini mishono yako imeyafunga yote mawili yawe na urefu mmoja. La ndani linabaki na ziada isiyo na pa kwenda, basi linajikunja. Kitandani hilo halionekani kwa sababu mfarishi hulala bapa. Kwenye mguu, vikunjo hivyo hukaa kati ya ngozi na kiatu, na kila unapokanyaga vinasugua mahali palepale. Pamba zaidi huzidisha umbali kati ya tabaka la nje na la ndani, kwa hiyo huzidisha vikunjo. Ulichodhani ni dawa ndicho ugonjwa wenyewe.

Kubana nako kuna hesabu yake. Ulikata kwa kufuata raba kuukuu, ambayo bila shaka ilikuwa ya turubai nyembamba. Kitambaa cha mfarishi kilichopita juu ya mguu, kutoka ukingo mmoja wa soli hadi mwingine, hufanya kitu kama nusu duara. Kwa nusu duara, kila milimita 1 ya unene wa ziada hukula takriban milimita 3 za nafasi ya ndani. Kama mfarishi wako umezidi turubai kwa milimita 4, umepoteza karibu milimita 12. Pamba itabonyea kidogo kadiri unavyovaa, ndiyo, lakini haitatoweka. Sasa linganisha: kutoka namba moja ya kiatu hadi inayofuata, mzunguko wa sehemu pana ya mguu huongezeka kwa milimita 5 hivi. Maana yake ulijishonea kiatu kilichopungua upana kwa zaidi ya namba mbili, kikabaki na urefu uleule. Usingeweza kutembea.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria gundi, inabidi ubadilishe namna unavyokifikiria kitambaa chenyewe. Katika raba nzuri ya mfarishi, mfarishi ni pambo na joto. Haubebi kiatu. Kazi ya kuushika mguu usiteleze, kuvumilia kamba zinapovutwa na kushikana na soli, hiyo mpe kitambaa kingine kigumu kilichojificha chini yake. Kitambaa kinachofaa kuliko vyote kwa kazi hiyo kimejaa soko la Gikomba kwa bei ya kuokota: jinsi nzito ya mtumba, ile ya zamani isiyovutika. Kata sehemu za mapaja ambazo hazijachakaa. Hakikisha haivutiki kwa kuishika kwa mikono miwili na kuivuta kwa urefu na kwa upana. Zile za siku hizi zenye mpira ndani ziache ziendelee kuwa suruali.

Mpangilio ninaoupendekeza, kutoka nje kwenda ndani, ni huu. Juu kabisa vipande vyako vya vitenge. Chini yake pamba nyembamba sana ya poliesta, isiyozidi milimita 2 au 3 kabla ya kushonwa, na chini ya pamba kitambaa chepesi kama marikani. Hizo tatu ndizo unazopitishia mishono ya mfarishi. Halafu jinsi, ambayo hukuipitishia mishono hiyo hata kidogo, inaungana nazo pembeni tu. Mwisho bitana ya pamba, iliyokatwa ikiwa ndogo kuliko tabaka la nje kwa milimita chache pande zote, ili inapopinda isiwe na ziada ya kujikunja. Hilo la bitana ndilo litakaloponya vidole vyako kuliko jambo jingine lolote. Tena bitana ya sehemu ya mbele iwe kipande kimoja kisicho na mshono wowote pale vidole vinapokunjika.

Na kwa nini poliesta badala ya pamba halisi? Pamba halisi ni nzuri kitandani, lakini hunywa maji na kuyashika. Ukikanyaga dimbwi moja pale Donholm mwezi wa Aprili utavaa kiatu kibichi siku mbili. Poliesta hukauka upesi. Vitenge vyenyewe navyo vichunguze: choma uzi mmoja kwa kiberiti. Ukinuka kama karatasi na kuacha jivu laini, ni pamba, na utastahimili pasi. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni poliesta, na hewa ya moto inayotumika wakati wa kubandika soli itaukunyata mbele ya macho yako.

Kuna njia nyingine ambayo binafsi naipenda zaidi, ingawa si lazima uifuate: usitie pamba kabisa. Wanawake wa Bengal wana ushonaji wao uitwao kantha, ambao huchukua sari kuukuu kadhaa, kuzipanga moja juu ya nyingine, na kuzipitishia mishono midogo ya mkono iliyonyooka, mistari kwa mistari. Kitambaa kinapata mawimbi mazuri kama ya mfarishi bila kuwa na tumbo. Leso mbili zilizochakaa zikishonwa hivyo hutoa raba laini, nyembamba na yenye sura, na zile hesabu za milimita zinapungua sana.

Hicho kipande ulichobaki nacho je? Kama ukikibonyeza kwa vidole bado unahisi mto, usikitumie kwa kiatu kizima. Kitumie kwa mbavu za kiatu na ulimi, sehemu ya mbele ushone kwa jinsi tupu. Nionavyo mimi, ndivyo inavyopendeza zaidi pia. Kiatu kilichojaa viraka mwili mzima huonekana kama kitu cha kuvalia chumbani.

Haya, kukata. Fua vitambaa vyote kwanza. Kitenge kipya kina wanga na ukakasi unaozuia gundi, na pamba ikipata maji hurudi. Kisha shona mfarishi kwanza, ukate baadaye. Watu wengi hukata umbo la kiatu, ndipo wanapitisha mishono, halafu wanashangaa upande wa kushoto umekuwa mfupi kuliko wa kulia. Kila mstari wa mshono huvuta kitambaa kidogo ndani, na mistari ikiwa karibu karibu upungufu unaonekana kwa macho. Anza na kipande kilichozidi umbo lako kwa sentimita 5 kila upande, kishone, kipige pasi, ndipo uweke karatasi ya umbo juu yake. Kabla ya mkasi kugusa, piga mshono mmoja milimita chache ndani ya mstari wa kukata, ili mishono isifumuke.

Jambo moja ambalo halisemwi sana: viraka vyako vina mielekeo tofauti. Kimoja nyuzi zake zimenyooka, kingine umekiweka mshazari, na kitambaa kikivutwa mshazari hurefuka. Ukivaa kiatu cha hivyo mwezi mmoja, cha kushoto kinaanza kupinda kuelekea kwenye dole gumba na cha kulia kinakwenda kwingine. Jinsi ya chini ndiyo inayozuia hilo, kwa sharti kwamba nyuzi zake ndefu zikimbie kutoka kisigino hadi vidoleni, viatu vyote viwili sawasawa.

Cherehani ya nyumbani inaweza kazi hii kama hutaitesa. Tumia sindano ya jinsi, namba 100/16, au 110/18 penye matabaka mengi, na uzi wa poliesta. Kila mahali panapokutana mishono, fumua na uing'oe pamba katika ukingo wote unaoingia ndani ya mshono, sentimita moja hivi, ukibakiza vitambaa tu. Ukifika penye mlima wa matabaka, acha kukanyaga pedali, zungusha gurudumu kwa mkono. Cherehani ikigugumia hapo usilazimishe. Sindano inayovunjika huruka usoni. Pale kwenye matundu ya kamba ongeza kipande cha jinsi au ngozi nyembamba ndani kabla ya kugonga pete, la sivyo pete zitang'oka na vitenge vyako. Na kisigino kinahitaji kipande kigumu katikati ya jinsi na bitana. Kisigino cha kitambaa kitupu huporomoka, unaanza kukikanyaga kama ndara.

Sasa tuje kwenye soli, ambako najua ndiko moyo wako uliko. Bado unayo hiyo iliyoachia? Iweke kwenye mwanga uitazame vizuri upande uliokuwa umebandikwa, kwa sababu imeandika yenyewe kilichotokea. Ukiona gundi imebaki kwenye soli na juu yake kuna manyoya ya pamba, nyuzi, pengine rangi ya kitenge, basi gundi ilishika barabara. Kilichoachia ni kitambaa chako: gundi ilishika manyoya ya juu, na manyoya yakang'oka. Ukiona soli safi, inang'aa, na gundi yote imebaki kwenye kitambaa, basi gundi haikuishika soli kamwe. Hapo kosa ni la uso wa soli, kwamba haukukwaruzwa, au soli hiyo ni ya aina inayotaka dawa ya kuandaa kwanza. Na ukikuta gundi pande zote mbili, laini, kama ngozi ya maziwa iliyopasuliwa katikati, ulikutanisha mapema ikiwa bado mbichi au umechelewa hadi ikafa.

Kwa mfarishi, mara nyingi sana huwa ni hali ya kwanza, ile ya manyoya. Ukingo unaokunjwa kuingia chini ya kiatu ulikuwa mnene na laini. Gundi ikazama kwenye kitambaa cha juu tu, haikufika kwenye nyuzi zinazobeba uzito. Tena unene ule haukulala sawasawa, ukaacha mapengo. Dawa yake si gundi kali. Mfarishi uishie pale soli inapoanza, usiingie chini hata nukta moja. Kinachoingia chini ni ile jinsi peke yake, sentimita 2 hivi, imekatwa vipembe pembe kwenye ncha na kisigino ili ilale bapa. Sasa unabandika kitambaa kimoja kigumu juu ya soli, kazi ambayo gundi ya kawaida ya fundi wa viatu huiweza.

Soli yenyewe ya mtumba ni bahati nasibu. Soli nyingi nyepesi za raba za kisasa zina povu la poliyurethani, na povu hilo huliwa polepole na unyevu wa hewani hata kiatu kikiwa kimekaa tu kwenye sanduku. Kwa macho ni zima kabisa. Bonyeza kwa ukucha pembeni: likiacha alama isiyorudi, likinata, au likitoa unga, rudisha. Soli ya mpira mzito usio na povu ni salama zaidi. Kama una nauli ya kwenda Kariokor, huko wanakoshona ndara za ngozi, ulizia soli mpya ya mpira iliyo kama sinia, yenye ukuta unaopanda pembeni. Ukuta huo una mfereji wa kupitishia uzi. Nunua hiyo. Huficha ukingo wa kitambaa chako, na muhimu zaidi, inaweza kushonwa.

Kubandika, basi. Kwaruza soli kwa msasa mpaka mng'aro uishe wote, ifute kwa kitambaa chenye thina, iache ikauke. Soli zilizo kama sponji na zile za plastiki iliyo kama mpira zina dawa yake ya kupaka kabla ya gundi. Muulize muuzaji huku soli ikiwa mkononi, si kwa kumweleza kwa maneno. Gundi paka pande zote mbili, nyembamba. Kitambaa hunywa mkono wa kwanza, kwa hiyo kipake tena kikishakauka. Subiri mpaka ukigusa kwa kidole isinate, dakika 10 hadi 15 kwa gundi nyingi. Gundi ya PU, yaani ya poliyurethani, hutaka kupashwa moto kabla ya kukutanisha, na hapo ndipo watu wengi huiharibu, wakadai ni feki. Ukikutanisha umemaliza, hakuna kusogeza. Gonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni, uache usiku kucha na mchana wake kabla ya kuvaa.

Gundi ya tone, ile ya chupa ndogo inayokauka papo hapo, isikaribie kazi hii. Ikikauka huwa kama kioo, na kiatu hujikunja kila hatua. Tena ikimwagika kwa wingi kwenye kitambaa cha pamba hupata moto ghafla, kiasi cha kukuunguza ngozi.

Na hii gundi ya viatu usiitumie jikoni. Sote tumeona inavyowafanya wale watoto wa mitaani wanaoinusa kwenye chupa. Mvuke unaokufikia mezani ni uleule, na unashika moto. Nenda nje au kwenye baraza, jiko lisiwake, watoto wawe mbali, na mkebe ufunikwe kila unapomaliza kuchota.

Unaweza kujiuliza mbona raba za turubai za dukani hazina shida zote hizi. Nyingi kati ya hizo hazikubandikwa tu, zilipikwa. Soli na ule ukanda wa pembeni huwekwa zikiwa za mpira mbichi, kisha kiatu kizima huingizwa kwenye tanuri la presha mpaka mpira ukomae na kushikana na turubai. Ni ufundi uliotokana na kugundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto haugandi kwa baridi wala kuyeyuka kwa joto. Charles Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1844. Huwezi kuyafanya hayo Umoja, wala mimi siwezi kwenye karakana yangu. Kwa hiyo gundi yetu ya baridi lazima isaidiwe na uzi. Soli ya sinia ikishabandikwa, ishonwe kuzunguka kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta.

Hapa ndipo nitakuwa mkweli kwako. Usishone soli mwenyewe. Shona mwili wa kiatu nyumbani, kazi ambayo tayari unaiweza, kisha mpelekee fundi wa viatu akivishe kwenye kalibu, lile umbo gumu la mguu la kuumbia kiatu, abandike, ashone. Wale waliokaa pembeni mwa barabara na sindano yenye mpini wanashona soli siku nzima, na wana mikono ambayo mimi na wewe tungehitaji miaka kuipata. Kalibu nayo ni sababu tosha. Huwezi kuumbia kiatu kwenye mguu wako, maana mguu hauna nafasi ya vidole kusogea. Kila namba moja ya kiatu ni theluthi mbili za sentimita, hivyo kalibu ya namba 40 ina urefu wa sentimita 26.7 hivi, ilhali mguu unaoingia humo una kama sentimita 25 na nusu. Ile ziada ndiyo inayokuwezesha kutembea. Nenda kwa fundi kabla hujakata kitambaa chako kizuri. Mpelekee kiatu cha majaribio ulichokishona kwa marikani au shuka kuukuu pamoja na kipande cha mfarishi, akuambie kama kalibu yake inatosha unene huo au aongezee ngozi juu yake. Fundi akikataa kukishona pembeni na kusema gundi inatosha, mshukuru, tafuta mwingine.

Kama unataka kufanya yote kwa mkono wako mwenyewe, anza na espadrili, viatu vile vya soli ya kamba ambavyo mwili wake hushonwa kwa mkono moja kwa moja kwenye ukingo wa soli. Havihitaji kalibu wala gundi, na mfarishi mwembamba hupendeza sana juu yake. Ubaya wake ni kwamba kamba hiyo haipendi maji, kwa hiyo tafuta soli iliyovishwa mpira chini, na mvua ikinyesha vibaki nyumbani. Wengine huchukua raba nzima ya mtumba na kuivisha mfarishi juu. Inawezekana, lakini unarudi kwenye gundi juu ya manyoya, na sijawahi kuona iliyodumu. Na kama ndoto yako ni kuuza, kuna kituo cha mafunzo na uzalishaji cha sekta ya viatu kule Thika. Nenda ukaulize kozi zao kabla hujanunua mashine.

Kufua ni kwa brashi laini, sabuni kidogo na maji baridi, kisha jaza karatasi za magazeti ndani na uanike kivulini. Usitie kwenye mashine wala kuloweka.

Nimebakisha mama yako kwa makusudi, kwa kuwa hilo ni zito kuliko kiatu. Nia yako ni njema, na uniwie radhi nikikuambia usimshonee hizi. Kwako wewe, kile kikunjo kilichokuchubua kilikupigia kelele, ukavua. Mguu uliokufa ganzi haupigi kelele. Mama atatembea na kikunjo kilekile kutwa nzima bila kuhisi chochote, na jioni soksi itatoka na damu. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari hupona kwa shida, na wengine hupoteza vidole au mguu kwa jeraha lililoanza dogo hivyo. Kisha ulaini wenyewe si ulinzi. Soli inayokunjika kama kitambaa hupenyezwa na msumari au mwiba, na mguu usiohisi hautajua. Anachohitaji ni kiatu chenye soli ngumu kiasi, kisigino kilichosimama, ndani pasipo mishono, nafasi ya upana wa kidole mbele ya kidole chake kirefu, na kamba au mkanda wa kukishika.

Mpeleke kwenye kliniki yake ya kisukari aombe kupimwa miguu, pamoja na kuguswa nyayo kuona anahisi wapi na wapi hahisi. Kama tayari ana ngozi ngumu, vidole vilivyopinda au alama ya kidonda cha zamani, waulize kuhusu mafundi wa vifaa vya mifupa, ambao huchonga soli za ndani kwa kipimo cha mguu wake. Tangu leo, awe anaingiza mkono ndani ya kila kiatu kabla ya kuvaa, hata cha kuendea dukani, kuona kama kuna kijiwe au mkunjo. Kiatu kipya akivae saa moja au mbili, avue, umtazame wewe kwa macho, nyayo na katikati ya vidole. Pakiwa na wekundu usiopotea, lengelenge au mpasuko, asipake dawa ya nyumbani wala asisubiri wiki ijayo; aende siku hiyohiyo.

Kitenge chako kizuri mshonee mfuko wa kubebea dawa zake.